Hesabu za Mafumbo: Ugumu Uko Kabla ya x

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika upimaji wa kitaifa wa wanafunzi nchini Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa hivi: basi moja la jeshi hubeba askari 36, wakisafirishwa askari 1,128 kwenda mafunzoni, yatahitajika mabasi mangapi? Katika kila watoto 100, kama 70 waligawanya sawasawa. Walipata 31 na baki 12. Kazi ya kukokotoa ikawa imeisha, tena imeisha vizuri. Lakini walioandika jibu la swali lenyewe, yaani mabasi 32, walikuwa 23 tu. Wengine 29 waliandika kwamba yanahitajika mabasi "31 baki 12", kana kwamba baki ni aina ya basi. Na 18 waliandika 31, wakawaacha askari 12 barabarani.

Mtu akizisikia takwimu hizi juu juu atasema watoto hawajui hesabu. Mbona waligawanya? Kugawanya 1,128 kwa 36 kwa mkono si mchezo kwa mtoto wa umri huo. Kilichowashinda ni kurudi kwenye swali na kujiuliza ile 31 ni ya nini na ile 12 ni ya nini, ni mabasi au ni watu.

Kwa maoni yangu, katika kufundisha hesabu za mafumbo, yaani maswali ya maneno kama hilo la mabasi, mkazo tumeuweka pasipo mahali pake. Tunaposema "tatua hatua kwa hatua", hatua tunazozihesabu ni za katikati: fungua mabano, kusanya vinavyofanana, gawanya pande zote mbili. Hizo ndizo zinazojaa ubaoni, ndizo zinazobeba alama nyingi, na ndizo ambazo simu ya mkononi siku hizi huzimaliza kabla hujapepesa macho. Hatua ya kutoka kwenye maneno kwenda kwenye mlinganyo, na ile ya kutoka kwenye namba kurudi kwenye maneno, tunazipitia kwa mstari mmoja mmoja au tunaziruka kabisa. Na huko ndiko wanafunzi wengi wanakozama.

Chukua fumbo la umri, maana ni nadra kukuta kitabu cha aljebra kisicho nalo. Umri wa mama ni mara tatu ya umri wa mtoto wake. Baada ya miaka 12, umri wa mama utakuwa mara mbili ya umri wa mtoto. Mtoto ana umri gani sasa?

Suluhisho linaloandikwa kwa kawaida ni hili. Tuseme umri wa mtoto ni x. Basi 3x + 12 = 2(x + 12). Kwa hiyo 3x + 12 = 2x + 24, na x = 12. Mistari minne, safi, haina kosa. Ila mwanafunzi aliyekwama hakukwama kati ya mstari wa pili na wa tatu. Alikwama kabla ya neno "tuseme". Suluhisho hilo linaanza pale ambapo mwandishi wake ameshamaliza kufikiri, kisha linamwonyesha msomaji jinsi ya kufagia.

Hebu tuyatoe hadharani yaliyofanyika kimyakimya. Kwanza, fumbo hili lina namba nne zisizojulikana, si moja: umri wa mama sasa, umri wa mtoto sasa, na umri wa kila mmoja wao miaka 12 ijayo. Swali linaulizia mojawapo tu, lakini zote nne zimo. Anayeanza na x bila kuziona hizo nyingine tatu atakuwa anaokota namba kwenye sentensi na kuzipanga kwa kubahatisha. Karatasi yenye jedwali dogo la safu mbili na mistari miwili, mama na mtoto upande mmoja, sasa na baadaye upande mwingine, ingemsaidia kuliko kanuni yoyote.

Pili, herufi apewe nani? Hakuna sheria. Ukimpa mtoto, mama anakuwa 3x, namba nzima. Ukimpa mama, mtoto anakuwa theluthi ya x, na mlinganyo unageuka x + 12 = 2(x/3 + 12). Huo nao ni sahihi; unatoa x = 36, umri wa mama, na bado utalazimika kugawanya kwa tatu ndipo ulijibu swali. Mwanafunzi akiziona njia zote mbili zimefika mahali pamoja ataelewa kwamba x haikushuka kutoka mbinguni. Ni uamuzi wa mtu, na uamuzi unaweza kuwa mzuri zaidi au kuwa wa kujichosha bure.

Tatu, miaka 12 inapita kwa nani? Kwa wote wawili. Jambo hili linaonekana la kitoto, lakini wapo wanaoiongeza kwa mama peke yake. Wanaandika 3x + 12 = 2x na kupata mtoto mwenye umri wa −12. Wapo pia wanaoyasahau yale mabano. Hao huandika 3x + 12 = 2x + 12, wakapata x = 0, yaani mtoto aliyezaliwa leo na mama ambaye naye, kwa hesabu hiyo, amezaliwa leo. Majibu kama haya yanajishtaki yenyewe. Lakini yanajishtaki kwa yule tu anayekumbuka kwamba x ni umri wa mtu. Kwa aliyekwisha kuyasahau maneno ya swali, sifuri ni namba kama namba nyingine.

La nne ndilo ninalolipenda zaidi, na silioni likisemwa mara nyingi. Fumbo lina sentensi mbili zenye uhusiano: "mara tatu sasa" na "mara mbili baadaye". Sentensi ya kwanza tuliitumia kumpa mama jina lake, 3x. Imekwisha kazi. Sentensi ya pili ndiyo inayojenga mlinganyo. Mwanafunzi asiyelijua hili huitumia ya kwanza mara mbili: anamwita mama 3x, halafu anaandika kwamba mama ni mara tatu ya mtoto, na anapata 3x = 3x. Ni kweli tupu, na haimfikishi popote. Anafuta, anaanza upya, anazunguka palepale, mwisho anajiona mjinga. Hajui kwamba amekosa jambo dogo tu: kila taarifa inatumika mara moja, ama kutaja jina ama kusawazisha, na ukiwa na vitu viwili visivyojulikana unahitaji taarifa mbili tofauti. Mwalimu akisema maneno hayo mawili matatu wakati wa kuandika ubaoni, nusu ya giza la mafumbo haya inaondoka.

Halafu kuna kuhakiki. Wengi huhakiki kwa kuirudisha 12 kwenye mlinganyo: 3(12) + 12 ni 48, na 2(12 + 12) ni 48, basi. Uhakiki huo ni nusu ya kazi. Unathibitisha kwamba hukukosea kufungua mabano; hauthibitishi kwamba mlinganyo ulikuwa wa fumbo hili. Yule wa −12 akirudisha jibu lake kwenye mlinganyo wake atakuta pande zote mbili zina −24, na atafurahi. Uhakiki wa kweli unafanywa kwenye maneno: mtoto 12, mama 36, mara tatu, ndiyo, baada ya miaka 12 mtoto 24, mama 48, mara mbili, ndiyo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na katika hesabu za mafumbo ngama ni swali lenyewe.

Asidhani mtu kwamba matatizo haya ni ya watoto wa shule tu. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1980, mtafiti John Clement na wenzake huko Marekani waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi kazi ya kuandika mlinganyo mmoja tu. Sentensi ilisema kwamba katika chuo fulani wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Tuite idadi ya wanafunzi N na idadi ya maprofesa P. Zaidi ya theluthi moja ya wahandisi hao watarajiwa walikosea, na kosa lililotawala lilikuwa 6N = P. Ukiisoma haraka inavutia: wanafunzi sita, profesa mmoja, N sita, P moja. Lakini inachosema mlinganyo huo ni kwamba ukizidisha idadi ya wanafunzi kwa sita ndipo unapata idadi ya maprofesa, yaani maprofesa ndio wamejaa chuoni. Sahihi ni N = 6P.

Kosa hili lina mizizi miwili. Mmoja ni kuyafuata maneno kwa mpangilio wake, neno kwa neno, kama anayenakili. Wa pili ni mzito zaidi: herufi imegeuzwa kifupi cha kitu badala ya kuwa idadi ya kitu. Katika kichwa cha aliyekosea, N ni "mwanafunzi". Lakini N si mwanafunzi, ni namba. Ndiyo maana sipendi kuona kwenye daftari "x = mtoto" au "y = gari". Mtoto hawezi kuzidishwa kwa tatu. Andika "x ni umri wa mtoto sasa, kwa miaka". Ni maneno mengi zaidi, na kila neno lina kazi: umri unasema ni kipimo gani, sasa inasema ni wakati gani, miaka inasema ni kizio kipi. Dawa ya haraka kwa anayeshuku mlinganyo wake ni kuweka namba za kawaida. Maprofesa wakiwa 10, wanafunzi watakuwa 60. Je, 6 × 60 ni 10? Sekunde tano, na kosa limefichuka.

Sasa niende kwenye mazoea ninayoyaona yanaharibu kuliko yote: kufundisha maneno-dokezo. "Ukiona jumla, jumlisha. Ukiona zaidi, jumlisha. Ukiona punguza au bakia, toa. Ukiona kila mmoja, gawanya." Inafundishwa kwa nia njema, kwa sababu inafanya kazi kwenye maswali ya kwanza ya kitabu, na mtoto anapata vema nyingi. Kisha linakuja hili: sanduku la kwanza lina vitabu 15, ambavyo ni vitano zaidi ya vilivyomo kwenye sanduku la pili, sanduku la pili lina vitabu vingapi? Neno "zaidi" limekaa hapo linamkonyeza. Mtoto anajumlisha, anapata 20, na anashangaa kuona mkasi. Jibu ni 10. Hakusoma sentensi; alisaka neno. Tulimfundisha kusaka, akasaka.

Mwisho wa barabara hiyo ulionekana Ufaransa. Mwaka 1979 watafiti wa taasisi ya ufundishaji wa hisabati ya Grenoble waliwauliza watoto wadogo wa shule ya msingi: katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa umri, na waliupata kwa kuchezesha namba zilizotajwa, hasa kwa kuzijumlisha: miaka 36. Watu wamecheka sana juu ya nahodha huyo. Mimi naona watoto wale walikuwa na akili timamu. Tangu waanze shule walikuwa hawajapewa swali lisilo na jibu, wala swali lenye namba isiyotumika. Waliijua kanuni ya mchezo ambayo hakuna aliyeiandika: namba zote zitumike, jibu lipatikane, na usiulize. Na 26 + 10 inatoa umri unaomfaa nahodha, jambo ambalo 26 − 10 haitoi. Hata katika upuuzi walichagua jibu lenye busara.

Tiba yake haihitaji bajeti. Weka katika kila zoezi swali moja lenye namba ya ziada, na mara mojamoja swali lisilojibika, ambalo jibu lake ni "taarifa hazitoshi, inakosekana hii". Mtoto anayeweza kusema kinachokosekana amelielewa fumbo kuliko aliyelijibu.

Nikisema hivi huwa naambiwa kwamba bila herufi na kanuni hakuna aljebra. Historia inasema vingine. Katika papirasi (karatasi ya mafunjo) ya Misri ya kale iliyonakiliwa na karani Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, na ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna swali hili: kiasi fulani kikijumlishwa na sehemu yake ya saba kinakuwa 19, ni kiasi gani? Ahmes hana x. Anabahatisha kwa makusudi. Tuseme ni 7, namba inayogawanyika kwa saba bila usumbufu; 7 na sehemu yake ya saba ni 8. Tunataka 19, tumepata 8. Basi namba yetu ya kubahatisha izidishwe kwa 19/8, na jibu ni 16 na sehemu tano za nane. Hakiki: sehemu yake ya saba ni 2 na sehemu tatu za nane; zikijumlishwa, 19 kamili.

Walimu wengi wakimwona mwanafunzi anabahatisha namba ili atatue fumbo humkemea. Ningemwacha abahatishe, halafu ningemuuliza swali linalouma: kwa nini kurekebisha kwa uwiano kumefanya kazi hapa? Kwa sababu kila kitu upande wa kushoto kinakua pamoja na namba yenyewe; ukiikuza maradufu, jumla nayo inakua maradufu. Sasa ongeza 3 kwenye swali: kiasi, sehemu yake ya saba, na 3 zaidi, vinakuwa 19. Bahatisha 7, unapata 11. Zidisha kwa 19/11, na jibu halitoki, kwa sababu ile 3 haikui. Lazima uitoe kwanza ibaki 16. Hapo mwanafunzi amegundua kwa mkono wake kwa nini tunatoa kabla ya kugawanya, na ile hatua ya "toa 3 pande zote mbili" haitakuwa tena amri ya mwalimu.

Na al-Khwarizmi, ambaye aljebra inamhesabu kuwa baba yake, aliandika kitabu chake huko Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9 bila alama hata moja. Hakuwa na x, hakuwa na alama ya sawasawa. Hiyo ilichapishwa kwa mara ya kwanza na mwanahisabati Robert Recorde mwaka 1557, na mazoea ya x na y yalienea baada ya Mfaransa Descartes mwaka 1637. Moja ya maswali maarufu ya al-Khwarizmi ni hili: mraba pamoja na mizizi yake kumi ni 39, mzizi ukiwa ni upande wa mraba huo. Anatoa hatua kwa maneno matupu: chukua nusu ya mizizi, ni 5, izidishe kwa yenyewe, 25, jumlisha na 39, ni 64, kipeuo chake cha pili ni 8, toa ile nusu, inabaki 3. Ungedhani angeishia hapo, kwa kuwa jibu limepatikana. Hakuishia hapo. Alichora mraba, akaubandika mistatili pembeni, akaonyesha kwamba kona inayokosekana ili mraba mkubwa ukamilike ni ile 25. Yaani alitoa hatua, kisha akatoa sababu ya hatua. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mambo ya watu: mirathi, wosia, biashara, vipimo vya ardhi. Mafumbo, kwa maneno mengine. Somo lilianzia huko, si kwenye milinganyo inayoelea hewani.

Sababu ya hatua ndiyo tuliyoipoteza. "Namba ikivuka upande inabadilika alama." Hakuna namba inayovuka, tumetoa kitu kilekile pande zote mbili ili usawa ubaki. Aliyekariri kuvuka ndiye utakayemkuta na 3x = 12 akiandika x = 12 − 3, kwa sababu tatu "imevuka". Hata MAGAZIJUTO yetu, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ina mtego uleule. Nakiri ni kifupi kizuri, kinakaa kichwani maisha yote. Lakini mpe aliyekariri 10 − 3 + 2. Kwa kuwa "JU" iko kabla ya "TO", atajumlisha 3 na 2 kwanza, kisha atatoa, apate 5. Jibu ni 9: kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na huenda kutoka kushoto kwenda kulia kadiri vinavyojitokeza. Kifupi hakisemi hivyo, na mara nyingi hata anayekifundisha hasemi.

Hesabu za kila siku, zile zisizo na herufi yoyote, zina ugonjwa huohuo, na asilimia ndizo zinaongoza. Kiasi kikipanda kwa asilimia 20 kisha kikashuka kwa asilimia 20, wengi wanaapa kimerudi palepale. Anza na 100: kinapanda hadi 120. Asilimia 20 ya 120 ni 24, kwa hiyo kinashuka hadi 96. Kilichobadilika katikati ya safari ni kitu ambacho asilimia inapimwa kwacho. Kila unapokutana na asilimia kuna swali moja la kuuliza, na ukiliuliza umemaliza zaidi ya nusu ya kazi: asilimia ya nini? Ukiambiwa kiasi kimeongezeka kwa asilimia 25 na sasa ni 150, usikimbilie kutoa asilimia 25 ya 150, maana nyongeza ile ilipimwa kwa kiasi cha zamani, ambacho ndicho usichokijua. Kiasi cha zamani pamoja na robo yake ni 150. Sehemu tano za robo ni 150, robo moja ni 30, cha zamani ni 120. Ukitazama vizuri, hili ni swali la Ahmes lililovaa nguo mpya.

Wastani nao una hila zake. Kwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa si wastani wa 50, kwa sababu umekaa njiani muda mrefu zaidi ukiwa kwenye ile kasi ndogo. Chukua umbali wa kilomita 120: saa 2 kwenda, saa 3 kurudi, kilomita 240 kwa saa 5, wastani 48.

Na mabomba mawili, moja likijaza tangi kwa saa 3 na jingine kwa saa 6: kabla ya kukokotoa chochote, jiulize kama jibu linaweza kuzidi saa 3. Haliwezi, maana bomba la kwanza peke yake linatosha kwa saa hizo. Kwa hiyo anayejumlisha apate 9, au anayetafuta wastani apate 4 na nusu, amekwisha kukosea hata kabla hatujaangalia kazi yake. Kwa saa moja la kwanza linajaza theluthi na la pili sehemu ya sita, pamoja ni nusu. Tangi linajaa kwa saa 2.

Kuna hoja dhidi yangu, na si nyepesi. Mwaka 1985 watafiti John Sweller na Graham Cooper walionyesha kwamba wanaoanza aljebra hujifunza vizuri kwa kusoma mifano iliyokwisha kutatuliwa kuliko kwa kuachwa wapambane na maswali peke yao. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja, na anayehangaika na alama za kutoa hana nafasi ya kufikiria kisa. Nakubali. Asiyeweza kufungua mabano bila jasho hataona mbali kwenye fumbo, na mazoezi ya hatua za katikati yana mahali pake. Lakini Michelene Chi na wenzake, mwaka 1989, walipowachunguza wanafunzi waliokuwa wakisoma mifano kama hiyo, katika fizikia, walikuta waliofaulu zaidi ni wale waliokuwa wakijieleza wenyewe kila mstari: huu umetoka wapi, kwa nini huu na si mwingine. Walioupita mfano kwa macho tu waliona uko wazi, na walipopewa swali jipya walikwama. Mfano uliotatuliwa unafaa, basi, kwa kadiri unavyoonyesha uamuzi, au unavyomlazimisha msomaji autafute.

Ndiyo maana simtishi mtu kuhusu programu za simu zinazopiga picha swali na kumwaga hatua zote. Kwa mlinganyo uliokwisha andikwa ni msaada mzuri wa kusahihishia kazi. Kwa fumbo, mwanafunzi anayenakili hatua kumi kutoka kwenye kioo anapata kilekile tulichokuwa tukimpa ubaoni siku zote: mistari ya katikati, mizuri, isiyosema nani aliamua nini. Tusiilaumu simu kwa kutuiga.

Kama ningepewa kugawa alama kumi za swali moja la fumbo, ningezigawa hivi. Tatu kwa anayeandika x ni nini, kwa sentensi kamili yenye kizio, na kuvitaja vitu vingine vyote kwa hiyo x. Tatu kwa mlinganyo, pamoja na kuonyesha ni sentensi ipi ya swali imeuzaa. Mbili tu kwa kuutatua. Mbili za mwisho kwa jibu lililoandikwa kwa maneno na kuhakikiwa kwenye maneno ya swali. Aliyepata mlinganyo sahihi na kuteleza kwenye kutoa angeondoka na saba au nane. Aliyeandika namba sahihi peke yake, bila kueleza ni ya nini, angepata mbili. Najua wazazi watalalamika kwamba mtoto wao "alipata jibu". Ningewaomba wamuulize mtoto jibu hilo ni mabasi au ni askari.